Kongamano la Ruaha Mkuu Mjini Iringa: Mada Nzuri, Meza Kuu Ndefu

Kongamano la wazi kuhusu hali ya Mto Ruaha Mkuu, lililofanyika kwa siku mbili katika ukumbi mmoja mjini Iringa, lilitangazwa kuwa la watu wote. Halikuwa na kiingilio, lilikaribisha wakulima, wafugaji, waongoza watalii, walimu, wanafunzi na yeyote anayetumia maji ya bonde hilo, na liliahidi kujadili maji, wanyamapori na ardhi chini ya paa moja. Waandaaji sitawataja, kwa kuwa mengi nitakayoyasema juu yao yangeweza kusemwa juu ya makongamano mengi ya aina hii nchini, na nia yangu ni kumsaidia msomaji anayejiuliza kama inafaa kuacha shughuli zake ili ahudhurie litakalofuata. Jibu langu ni kwamba inafaa, ila si kwa saa zote. Asubuhi ya kwanza mtu angeweza kubaki nyumbani bila kupitwa na lolote. Mchana wa siku hiyo hiyo ulikuwa na mafundisho bora kuhusu mto huu kuliko yote niliyowahi kuyasikia hadharani. Na kikao cha ardhi, ambacho ndicho kilichowatoa watu wengi wilaya ya Mbarali mkoani Mbeya, kiliendeshwa kwa haraka iliyokaribia dharau.

Kwa msomaji aliye mbali, Ruaha Mkuu hukusanya maji yake katika safu za Kipengere na nyanda nyingine za juu za kusini, kupitia mito kama Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera, kisha hushuka katika uwanda wa Usangu na kuingia kinamasi cha Ihefu. Maji hutoka Ihefu mahali paitwapo Ng'iriama, hupita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, hukutana na Ruaha Mdogo na Kisigo katika eneo la Mtera, huzungusha mitambo ya Mtera yenye uwezo wa megawati 80 na ya Kidatu yenye megawati 204, na mwisho huishia katika Mto Rufiji, ambako sasa kuna bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo ya megawati 2,115. Mto uliokuwa ukitiririka mwaka mzima ulianza kukauka wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi mwaka 1993, na tangu hapo ukavu huo umekuwa ukirudi karibu kila mwaka. Kila mtu aliyeketi katika ukumbi ule alikuwa na neno lake juu ya nani alaumiwe.

Asubuhi ya kwanza ilimilikiwa na meza kuu. Ratiba ilisema saa mbili na nusu. Mgeni rasmi aliingia saa nne zikiwa zimeshapita, na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuanza bila yeye, wakulima waliosafiri usiku kucha kwa basi walikaa wakitazama projekta isiyoonyesha kitu. Alipofika zikafuata salamu za taasisi moja baada ya nyingine. Kila mzungumzaji alitangaza kwamba itifaki imezingatiwa, kisha akaanza kuwataja mmoja mmoja wale wote ambao itifaki ilikuwa imeshawazingatia. Hotuba zenyewe zilifanana: ng'ombe wapunguzwe, wanaolima vinyungu, yaani bustani za bondeni, waondoke mtoni, miti ipandwe, mita 60 kutoka kingo za mto zinazotajwa katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ziheshimiwe. Hakuna katika hayo lililo kosa kwa lenyewe. Tatizo ni kwamba hotuba ya namna hiyo inaweza kusomwa kando ya mto wowote nchini, na mtu wa Rujewa au Ubaruku, huko Mbarali, aliyeisikiliza hakupata hata neno moja linaloeleza kwa nini mto wake, na si mwingine, ndio uliokauka, wala kwa nini ulianza kukauka mwaka ule.

Maelezo hayo yalikuja baada ya chakula cha mchana, wakati nusu ya meza kuu ilikuwa imeshaondoka na magari yake. Mtoa mada alikuwa mtaalamu wa haidrolojia, yaani elimu ya maji na mito, ambaye ni wazi kwamba alikuwa ametembea Usangu kwa miguu, kwa sababu alizungumza juu ya mabanio, yaani vizuizi vinavyokinga mto na kuyaelekeza maji mferejini, kwa namna ambayo wakulima waligeuziana shingo na kutabasamu. Alianza na Ihefu. Kinamasi hicho, alivyoeleza, ni kama beseni lenye mdomo wa jiwe: katika Ng'iriama kuna kizingiti cha mwamba, na maji hutoka kwenda hifadhini pale tu kina cha kinamasi kinapokuwa juu ya mwamba huo. Kina kikishuka kidogo chini ya hapo, mto ulio chini yake husimama, hata kama ndani ya Ihefu bado kuna maji ya kutosha samaki na ndege. Kwa sababu jua na mimea ya kinamasi huchukua sehemu kubwa ya maji yanayoingia, kiasi kinachotakiwa kuingia Ihefu wakati wa kiangazi ili mkondo mwembamba uendelee kupita hifadhini ni kikubwa mara kadhaa kuliko mkondo wenyewe. Kwa maelezo hayo mafupi mambo mawili yaliyokuwa yakionekana kupingana yakapatana: mkulima anayeapa kwamba ameyaacha maji yapite, na mwongoza watalii anayeapa kwamba hakuna tone lililomfikia, wote wawili wanaweza kuwa wakweli.

Kisha akaja kwenye swali la nani anayachukua, na hapa alikuwa mwangalifu kwa kiwango ambacho hotuba za asubuhi hazikukikaribia. Alitenganisha maji ya masika na maji ya kiangazi. Wakati wa masika mito ya Usangu hubeba maji mengi, na kilimo cha mpunga, pamoja na ukubwa wake wote, hakiwezi kuyamaliza. Ni hayo yanayojaza bwawa la Mtera. Wakati wa kiangazi mito hubeba kidogo sana, na ni hicho kidogo ambacho mabanio yaliyojengwa kwa zege, yenye uwezo wa kuukinga karibu mto mzima, huendelea kukigeuzia mifereji ingawa hakuna mpunga shambani. Skimu kubwa za umwagiliaji za Mbarali, Kapunga na Madibira pamoja na nyingi ndogo zinazozizunguka hazikai wazi kiangazi kwa ubadhirifu tu. Vijiji vimekua kando ya mifereji na watu huchota humo maji ya kunywa, ya kufulia, ya mifugo na ya kufyatulia matofali, na wako wanaowahi kuandaa vitalu vya miche ili mpunga wao uvunwe mapema, kabla bei haijashuka. Lakini mfereji mrefu wa udongo unaopelekwa kijijini ili watu wachote ndoo chache hupoteza njiani maji mengi kuliko yale yanayochotwa. Akahitimisha kwamba visima virefu na mabomba katika vijiji vya Usangu vingeurudishia mto maji mengi kuliko amri ya kuwazuia watu kulima, kwa kuwa banio lingeweza kufungwa bila kumwacha mama yeyote bila maji ya kupikia.

Haya si mapya. Utafiti uliofanyika Usangu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi katikati ya miaka ya 2000 uliyaeleza kwa urefu, na hata ulihoji dhana iliyokuwa imeshaota mizizi kwamba mgawo wa umeme wa miaka ya 1990 ulisababishwa na wakulima wa mpunga, ukionyesha kwamba namna mabwawa yalivyoendeshwa nayo ilihusika. Kinachostahili sifa ni kwamba safari hii yalisemwa kwa Kiswahili kinachoeleweka, mbele ya watu wanaofungua na kufunga milango ya mabanio hayo. Slaidi zilibaki kwa Kiingereza, jambo ambalo waandaaji wanaweza kulirekebisha kwa kazi ya jioni moja, lakini mtoa mada aliziacha zipite bila kuzisoma na akachora kizingiti cha Ng'iriama kwa kalamu kwenye karatasi kubwa ukutani, na mchoro huo ndio watu waliokwenda kuupiga picha kwa simu zao.

Kilichofuata ndicho sababu kubwa ya mimi kupendekeza kongamano hili. Badala ya jopo jingine, washiriki waliletewa mezani mchezo wa bonde la mto, ule uliobuniwa na watafiti waliofanya kazi Usangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ni ubao mrefu ulioinama, uliochongwa njia katikati inayowakilisha mto, na pembeni yake kuna vishimo vinavyowakilisha mashamba. Gololi humwagwa kutoka juu, nazo ndizo maji. Wachezaji hupewa vijiti vya kuweka mtoni ili kuzikinga, na kila mmoja hujitahidi kujaza vishimo vyake. Katika mzunguko wa kwanza gololi zilikuwa nyingi, watu walicheka na kila shamba likapata. Mzunguko wa pili ulikuwa wa kiangazi, na gololi zilikuwa chache. Mfugaji mmoja mtu mzima, ambaye kwa bahati alipewa nafasi ya juu kabisa ya ubao, alizikinga zote kwa kijiti kimoja akiwa na utulivu wa mtu asiyeona kosa lolote, wakati mkulima mwenye shamba juu ya mto katika maisha halisi alikuwa amesimama chini mikono mitupu na kuanza kulalamika kwa maneno yale yale anayolalamikiwa yeye. Ukumbi ulivunjika kwa kicheko, na baada ya kicheko yakaanza mazungumzo ya kweli kuhusu zamu: nani afunge siku gani, nani asimamie, faini iende wapi, na nani atamwamini nani ikiwa milango hufunguliwa usiku.

Mazungumzo hayo ndiyo yaliyoleta swali zuri kuliko yote ya siku mbili, nalo lilihusu vibali. Mkulima wa skimu moja ndogo aliuliza kwamba ikiwa kibali chake cha kutumia maji kinamtajia kiasi fulani cha lita kwa sekunde, naye amelipia ada yake, je, akikiona mtoni kiasi hicho mwezi wa kumi anakosa akikichukua chote? Afisa aliyekuwapo alijibu kwa kutaja Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002, iliyotanguliza mahitaji ya msingi ya binadamu na kufuatiwa na mazingira kabla ya matumizi mengine, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Jibu lilikuwa sahihi kisheria, lakini halikumsaidia muulizaji, maana karatasi iliyo mfukoni mwake inasema lita na mto hausomi karatasi. Nafasi ya kulifuatilia jambo hilo ilikuwepo: jumuiya za watumia maji zingeweza kugawana mto kwa sehemu badala ya kwa lita, yaani nusu kwa nusu au theluthi kwa theluthi, ili mto unapopungua kila mmoja apungukiwe. Mwongoza kikao alitazama saa yake na kutangaza chai.

Juu ya huduma zenyewe sitasema mengi. Vipaza sauti vilifanya kazi, viti vilitosha, kabrasha lilikuwa na kalamu na daftari na kofia yenye kauli mbiu, na vyoo vilikuwa safi hadi jioni. Waliotoka vijijini walirudishiwa nauli, na hilo ni jambo jema ambalo makongamano mengi ya bure huliacha, ingawa foleni ya kusaini ilianza wakati mada ya mwisho ya siku ikiendelea na kuuharibu usikivu wa ukumbi mzima. Chakula kilikuwa kizuri. Pilau ya mchana, nathubutu kubahatisha, ilipikwa kwa mchele wa Mbarali, na hakuna mtoa mada aliyegusia kwamba sisi tuliokuwa tukiongeza sahani ya pili tulikuwa sehemu ya habari yenyewe, sawa na wakazi wote wa Dar es Salaam wanaoulizia mchele wa Mbeya kila wanapokwenda sokoni.

Siku ya pili ilifunguliwa na wanyamapori, na kwa anayependa picha hicho kilikuwa kikao cha kufurahisha. Tulionyeshwa viboko waliosongamana katika dimbwi moja la matope, mamba waliolala bega kwa bega, na tembo wanaochimba mchanga wa mto kwa mguu na mkonga mpaka wapate maji yaliyojificha chini, kisha wanyama wengine wakisubiri zamu yao kwenye kisima hicho. Mtoa mada alieleza vizuri kile ambacho picha haiwezi kukieleza: viboko wengi wakikaa katika maji yasiyotembea, kinyesi chao huyaharibu, hewa ndani ya maji hupungua, samaki hufa, na wanyama wengine huyakataa. Nyati na pofu waliozoea kunywa kando ya mto huhama kwenda mahali pengine, simba huwafuata, na baadhi yao hukutana na mifugo na mashamba nje ya mpaka. Waliokuwepo kutoka Idodi na Pawaga, tarafa ambazo vijiji vyake ndivyo vilivyounda jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori ya MBOMIPA, waliitikia kwa vichwa. Wao ndio wanaompata tembo mwenye kiu kwanza.

Hata hivyo kikao hicho kilikuwa na kasoro ya kusikitisha, nayo ni kwamba kilipangwa kana kwamba kile cha jana yake hakikuwapo. Mtaalamu wa wanyamapori hakutaja Ng'iriama hata mara moja, na mtaalamu wa maji hakuwapo ukumbini kumsikiliza. Kwenye ramani iliyoonyeshwa, mto ulianzia mpakani mwa hifadhi. Mwongoza watalii mmoja aliuliza ni maji kiasi gani, kwa kipimo cha banio, yanayotakiwa ili dimbwi moja karibu na Msembe, makao makuu ya hifadhi, lisikauke hadi mvua ya kwanza, na swali hilo ambalo lingeweza kuunganisha siku zote mbili lilijibiwa kwa kuombwa aliandike kwenye karatasi. Nimehudhuria mihadhara ya kutosha ya uhifadhi kujua kwamba karatasi hizo hukusanywa kwa heshima kubwa.

Ardhi ilipewa saa moja na robo kabla ya kufunga. Ni vigumu kueleza jinsi jambo hili lilivyowaudhi watu wa Mbarali bila kukumbusha yaliyotokea. Pori la Akiba la Usangu lilitangazwa mwaka 1998. Kati ya mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu na Ihefu kwa operesheni, na wengi wao wakaelekea na mifugo yao mikoa ya Lindi na Pwani. Mwaka 2008 Usangu ikaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, iliyokuwa imetengwa na Pori la Akiba la Rungwa mwaka 1964, na hifadhi ikafikia kilomita za mraba zipatazo 20,226, ikawa kubwa kuliko zote nchini hadi ilipotangazwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Mpaka huo mpya ulivikuta vijiji na mashamba, na mvutano juu ya nani yuko ndani na nani yuko nje haujawahi kutulia. Mradi mkubwa wa utalii wa kusini, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kwa mkopo wa dola milioni 150 ulioidhinishwa mwaka 2017, ulisitishiwa fedha mwaka 2024 baada ya wananchi wanaoishi kando ya hifadhi hiyo kulalamika juu ya namna walivyotendewa.

Mtoa mada wa ardhi alitumia zaidi ya nusu ya muda wake kueleza Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na taratibu za mpango wa matumizi ya ardhi, kuanzia halmashauri ya kijiji hadi mkutano mkuu wa kijiji, jambo ambalo karibu kila mwenyekiti wa kijiji aliyekuwapo analijua kwa sababu ameliishi. Zilipobaki dakika chache wasikilizaji waliruhusiwa kuuliza, kwa sharti kwamba maswali yawe mafupi na yasiwe ya kisiasa. Mzee mmoja wa jamii ya wafugaji alisimama na kwa utaratibu kabisa akasema jambo ambalo lingestahili kuwa mada ya siku nzima: kwamba ng'ombe waliondolewa, na kwamba mto uliendelea kukauka. Hakuongeza neno. Aliomba tu aelezwe, kwa sababu yeye alihama kwa maelezo kwamba akihama maji yatarudi.

Ukweli ni kwamba maelezo yalikuwepo, tena yalikuwa yameshatolewa katika ukumbi ule ule siku moja kabla. Kama maji yanayokosekana hifadhini ni yale ya kiangazi yanayogeuziwa mifereji juu ya Ihefu, basi kuondoa mifugo iliyo ndani ya Ihefu kungeweza kusaidia majani na ndege na udongo wa kinamasi, lakini kusingetosha kupandisha kina cha maji juu ya mwamba wa Ng'iriama. Mtu mmoja tu alihitajika kusimama na kuyaunganisha hayo mawili mbele ya mzee yule. Mwongoza kikao alishukuru kwa mchango mzuri, akasema suala hilo linashughulikiwa na mamlaka husika, akamwita mtoa neno la shukrani. Siamini kwamba waandaaji walikuwa na nia mbaya. Naamini kwamba waliyapanga maji, wanyama na ardhi katika makabati matatu, wakampa kila mtaalamu ufunguo wa kabati lake, na mzee akauliza swali ambalo jibu lake lilikuwa katika kabati lililokwisha kufungwa.

Maazimio yalisomwa mwishoni, yakapigiwa makofi na kupitishwa. Niliyasikiliza kwa makini. Yalitaka elimu iendelee kutolewa, vyanzo vya maji vilindwe, wadau washirikiane, sheria zisimamiwe, utafiti uongezwe. Halikuwamo azimio lililotaja banio kwa jina, wala tarehe ya kufunga, wala nani atapima mto na wapi matokeo yatabandikwa. Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu aliomba kipaza sauti kabla ya makofi na kukumbusha kwamba mwaka 2001, jijini London, Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, aliitangazia dunia kwamba Ruaha Mkuu utakuwa ukitiririka mwaka mzima ifikapo mwaka 2010, akauliza ahadi hiyo iko wapi katika ajenda. Haikuwamo. Kwa siku mbili nzima hakuna mtoa mada aliyeitaja, ingawa ndiyo ahadi pekee juu ya mto huu iliyokuwa na kipimo kinachoeleweka na mwaka wa kukaguliwa. Kongamano linalopitisha maazimio mapya bila kufungua ya zamani linamnyima mhudhuriaji kitu cha thamani kubwa, nacho ni kujua kwa nini yale yaliyosemwa kwa nia njema hayakutimia: je, mabanio hayakufungwa, au yalifungwa na watu wakayafungua kwa sababu hawakupewa visima, au kilimo kilipanuka haraka kuliko maji yaliyookolewa? Kila moja ya sababu hizo inadai hatua tofauti.

Ningependa pia kusikia, japo kwa dakika kumi, hadhi ya Usangu yenyewe ikijadiliwa. Tanzania ina maeneo manne ya ardhi oevu yaliyoorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, ambayo ni Malagarasi-Muyovozi, Ziwa Natron, Bonde la Kilombero na Rufiji-Mafia-Kilwa, lakini Usangu haimo. Kama kuna sababu nzuri ya kutoiingiza, umma ungefaidika kuijua, na kama hakuna, kongamano kama hili lilikuwa mahali pa kuanzia.

Kwa mizani yote hiyo, nani ahudhurie? Mwalimu wa jiografia wa sekondari aje bila kusita, aje mchana wa siku ya kwanza na wanafunzi wake kama anaweza, kwa sababu mhadhara wa haidrolojia pamoja na ule ubao wa gololi unafundisha kwa saa tatu kile ambacho kitabu hakikifikii. Mwongoza watalii anufaike na siku zote mbili, akijua kwamba itambidi aunganishe mwenyewe. Kiongozi wa jumuiya ya watumia maji aje na kibali chake mkononi na aulize juu ya lita. Mfugaji au mwanakijiji anayekuja kwa ajili ya ardhi peke yake, kwa muundo wa sasa, atarudi na kofia na nauli.

Waandaaji waliwaambia washiriki kwamba wanafikiria kuhamishia kongamano lijalo Mbarali yenyewe. Hilo likifanyika wakati wa kiangazi, mwezi wa tisa au wa kumi, washiriki wanaweza kupelekwa asubuhi kwenye banio lililo wazi, wakapima wenyewe maji yanayoingia mferejini na yanayobaki mtoni, kisha wakarudi kukaa chini ya mti na kubishana wakiwa na tarakimu moja mbele yao. Mhadhara wa maji na ule wa wanyamapori ungetolewa mfululizo, watoa mada wote wakiwa wameketi meza moja hadi swali la mwisho, na kikao cha ardhi kingehamishiwa asubuhi ya kwanza, katika muda ambao safari hii ulitumika kumsubiri mgeni rasmi.